Namba Zilizo Mgongoni mwa Betri ya Saa

Kwenye vibanda vya mafundi wa saa na simu pale Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kwenye meza ndogo zilizopangwa pembeni mwa stendi za mabasi, kuna swali lisilokwisha: "2032 imeniishia, ipo 2025. Itakubali?" Mteja ameshika ufunguo wa gari au rimoti. Betri iliyokwisha iko kiganjani mwa fundi, na ile ya badala inafanana nayo kwa mng'ao na kwa upana. Fundi anaipachika, taa ya kifaa inawaka, pesa inatolewa, mteja anaondoka.

Mara nyingi mambo huishia hapo kwa salama. Mara nyingine kifaa kinarudi baada ya wiki chache kimezima. Na mara moja moja kinarudi kikiwa kimeungua, wala hakuna betri yoyote itakayokiamsha.

Msikilizaji, tofauti kati ya matokeo hayo matatu haitokani na bahati. Imeandikwa mgongoni mwa betri yenyewe, kwa herufi na namba ambazo watu wengi huzisoma kama jina tu la bidhaa. Tuchukue CR2032, ambayo ndiyo maarufu kuliko zote. Tarakimu mbili za mwanzo, 20, ni upana wake kwa milimita. Mbili za mwisho, 32, ni unene wake kwa sehemu za kumi za milimita, yaani milimita 3.2. Basi CR2025 ina upana uleule wa milimita 20, ila unene wake ni 2.5. CR2016 nayo ni milimita 20 kwa 1.6. CR1632 ina upana wa milimita 16 na unene wa 3.2. Ile kubwa iitwayo CR2450 ina upana wa milimita 24 na nusu, hiyo nusu haiandikwi, na unene wa milimita 5.

Herufi ndizo zenye uzito zaidi. R inasema tu kwamba betri ni ya mviringo. Herufi inayotangulia inataja kemikali iliyo ndani, na kemikali ndiyo inayoamua volti. C ni lithiamu pamoja na dioksidi ya manganizi, volti 3. B ni lithiamu pamoja na mchanganyiko wa kaboni na florini, nayo ni volti 3. L ni alkalaini, volti 1.5. S ni oksidi ya fedha, volti 1.55. P ni zinki inayovuta hewa, volti 1.4. Mpangilio huu ni wa tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, yenye makao yake Geneva, na watengenezaji wakubwa wanaufuata hata wanapoongeza majina yao wenyewe. DL2032 ya Duracell na ECR2032 ya Energizer ni CR2032 ileile, na muuzaji anayemwambia mteja kwamba hizo ni betri tofauti anamnyima bidhaa anayoihitaji.

Kwa kuwa sasa tunajua kuzisoma, turudi kwa fundi na 2025 yake.

Ndugu watatu, 2032, 2025 na 2016, wana kemikali moja, volti moja na upana mmoja. Kinachowatofautisha ni unene, na unene ndio unaobeba akiba ya umeme. CR2032 nzuri huwa na akiba ya miliampea-saa kama 225. CR2025 ina kama 160. CR2016 ina kama 90. Kwa hiyo fundi anayempa mteja 2025 badala ya 2032 amempa volti zilezile na akiba pungufu kwa karibu theluthi moja. Kifaa hakitadhurika. Kitaishiwa mapema zaidi, basi.

Hesabu ya saa ya kompyuta inalionyesha jambo hili vizuri. Kwenye madabodi ya kompyuta ya mezani kuna CR2032 inayotunza tarehe na saa wakati umeme umezimwa. Ikifa, kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka wa nyuma kabisa, na kivinjari kinaanza kulalamika kwamba tovuti ya benki si salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hupimwa kwa tarehe ya kompyuta. Watu wengi wamelipia kusafishiwa virusi kumbe tatizo ni betri. Sasa, ikiwa saa hiyo inanyonya maikroampea 5 mfululizo, miliampea-saa 225 zitatosha saa 45,000, ambazo ni zaidi ya miaka mitano. Weka 2025 yenye 160: saa 32,000, miaka mitatu na nusu hivi. Kwa kompyuta iliyoko dukani au shuleni, hayo ni mabadilishano yanayokubalika kabisa, na fundi aliyeyafanya hajamdhulumu mtu.

Tatizo la 2025 ndani ya nyumba ya 2032 ni milimita 0.7 zilizopungua. Springi iliyotengenezwa kwa betri nene inaweza kuifikia ile nyembamba kwa kugusagusa. Juu ya meza kifaa kinafanya kazi; kikitikiswa kinazima. Kwenye saa ya ukutani hilo ni kero. Kwenye mashine ya kupima sukari ni jambo zito zaidi. Mashine nyingi za aina hiyo, Accu-Chek Active ikiwa mojawapo, hutumia CR2032, na mgonjwa aliyejichoma kidole na kuweka tone la damu kwenye stripu anapoteza ile stripu mashine ikizima katikati ya kipimo. Stripu zina gharama, na wapo wanaozihesabu moja moja mpaka mwisho wa mwezi.

Mafundi wana dawa yao ya pengo hili: kipande cha karatasi ya alumini iliyokunjwa. Dawa hiyo inafanya kazi, ila ina upande wake. Betri bapa ina uso mpana wenye alama ya kujumlisha, na chuma cha uso huo kinapanda mpaka ubavuni kuizunguka betri yote. Uso wa pili, ulio mdogo kidogo, ndio hasi, na umetenganishwa na ule ubavu kwa ukingo mwembamba wa plastiki. Alumini ikiwekwa upande wa hasi na ikazidi ukubwa kidogo tu, inauvuka ule ukingo, chanya na hasi zinakutana, na betri inajimaliza yenyewe huku ikipata moto. Ikiwekwa upande wa chanya, ikiwa ndogo kuliko betri na imekunjwa ikakaza, hatari hiyo inapungua sana. Hata hivyo ni ya kumfikisha mtu nyumbani mpaka atakapopata betri ya saizi yake, maana kipande kilicholegea kinaweza kudondoka juu ya bodi na kuunganisha njia zisizotakiwa kukutana.

Kinyume chake, yaani betri nene mahali pa nyembamba, kwa kawaida hukataa tangu mlangoni. Rimoti zile nyembamba za redio za magari na za taa za urembo zina kijidroo cha kuvuta, na nyingi hutumia CR2025. 2032 haiingii humo mpaka ilazimishwe, na ikilazimishwa droo haifungi tena. Saa ya Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989 na ambayo hadi leo imo mikononi mwa watu wengi, hutumia CR2016, na kiwanda kinaikadiria kudumu miaka kama saba. Asipatikane mtu wa kushawishika kwamba 2025 itaifikisha miaka kumi: mfuniko wa nyuma hautakaa sawasawa, maji yataingia, na saa iliyokuwa ikivumilia mvua itakufa kwa kunawa mikono.

Magari nayo. Toyota zilizotumika Japani zinazoshuka kila wiki katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa huja na funguo za vizazi mbalimbali. Funguo nyingi za zamani zenye vitufe hutumia CR2016. Zile za kuwasha gari kwa kubonyeza kitufe zilitumia CR1632, na baadaye CR2032. Mwenye gari asidhani kwamba kila Toyota ni betri moja, afungue, asome. Na ikimwishia usiku njiani, asihangaike kuvunja kioo: ufunguo huo una chuma cha kufungulia mlango kilichofichwa ndani yake, na ukisogezwa karibu kabisa na kitufe cha kuwashia, gari huutambua bila betri, kwa sababu kichipu cha utambulisho kilichomo hupata nguvu yake kutoka kwenye gari lenyewe.

Hadi hapa volti zimekuwa 3 zilezile. Volti zikibadilika ndipo vifaa vinapoungua.

Mtego mkubwa wa kwanza unatokana na hesabu nyepesi sana. CR2016 ina unene wa milimita 1.6. Mbili zikipandana zinafika milimita 3.2, unene kamili wa CR2032. Zinaingia kwenye nyumba ya 2032 kana kwamba zilizaliwa humo. Fundi mwenye 2016 nyingi kwenye boksi anaweza kufikiri amepata ufumbuzi, na anayeitazama kazi hiyo kwa macho hataona kosa lolote. Lakini betri zilizopandana hujumlisha volti: 3 na 3 ni 6. Chipu nyingi za vifaa vidogo vya kisasa zimeruhusiwa volti 3.6 tu kama kikomo. Zikipewa 6, huenda zikafa papo hapo.

Kinachoufanya mtego huu kuwa mbaya ni kwamba vipo vifaa vilivyotengenezwa kweli kwa 2016 mbili zilizopandana. Baadhi ya tochi ndogo za leza na baadhi ya rimoti za zamani zinataka volti 6. Humo ndani, 2032 moja itaingia vizuri na kifaa kitazimia au kutoa mwanga hafifu, halafu mwenye nacho ataambiwa kimeharibika. Kwa hiyo anayefungua kifaa na kukuta betri mbili nyembamba, arudishe mbili nyembamba. Anayekuta moja nene, arudishe moja.

Mtego wa pili unavaa sura ya 2032 moja kwa moja. LIR2032 ina upana uleule, unene uleule, rangi ileile. Herufi za mwanzo ndizo zinazoitofautisha: hiyo ni betri ya kuchajiwa. Ikijaa hufikia volti 4.2, na akiba yake ni miliampea-saa kama 40 hivi, chini ya moja ya tano ya CR2032 ya kawaida. Duka linaloiuza kwa maneno kwamba "hii unachaji, hununui tena" linaisifia kwa kitu cha kweli na kunyamazia mengine mawili. Ikiwekwa kwenye kifaa kisichozidi volti 3.6, inakivusha mpaka wake. Na hata kifaa kikivumilia, kitaomba chaji mara kwa mara.

Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaojifunza kutengeneza mitambo midogo kwa Arduino wanakutana na upande wa pili wa kosa hilo. Kuna bodi ndogo ya saa inayouzwa kwa bei ndogo duniani kote, yenye chipu iitwayo DS3231 na maandishi ZS-042. Imewekewa njia ya kuchaji: umeme unapita kwenye rezista ya omu 200 na dayodi moja mpaka kwenye betri, kwa kuwa mbunifu alikusudia LIR2032. Mwanafunzi hana LIR, ananunua CR2032, saizi inakubali, saa inatembea. Bodi ikilishwa volti 5, dayodi inachukua kama 0.6, na zile 4.4 zinazobaki zinaisukuma CR2032 usiku na mchana. CR2032 haikuumbwa ichajiwe. Inavimba, inavuja, na inaweza kupasuka. Tiba yake ni ya dakika moja kwa mwenye pasi ya kulehemu: kuondoa ile dayodi au ile rezista, njia ya kuchaji ikatike, kisha CR2032 ikae kwa amani miaka kadhaa. Walimu wa maabara wangelifanya hili kabla hawajawagawia wanafunzi bodi hizo.

Ufunguo wa BMW ya mfululizo wa E46 una hadithi inayofanana. Ndani yake mna VL2020, betri ya kuchajiwa iliyolehemiwa kwenye bodi, nayo hupata chaji ufunguo ukiwa umechomekwa kwenye swichi ya gari. Anayeing'oa na kulehemu CR2032 mahali pake ameilazimisha betri isiyochajika kupokea chaji kila gari linapotembea.

Tuzigeukie sasa zile ndogo zenye kimo, za volti moja na nusu. Hapa namba zinaacha kusaidia kama mwanzo, kwa sababu LR44 ni jina la mpangilio wa kale. 44 yake si kipimo. Upana wake ni milimita 11.6 na kimo 5.4. Huitwa pia AG13 na A76. Pacha wake wa oksidi ya fedha ni SR44, aitwaye pia 357. Zote mbili zinaingia mahali pamoja, na kwa kifaa kama kikokotoo cha Casio fx-991ES PLUS, ambacho hutumia LR44 moja pamoja na mwanga wa jua, mwanafunzi hataona tofauti.

Fundi mitambo mwenye kalipa ya kidijitali, yaani kifaa cha kupimia upana na unene, ataiona. Alkalaini huanza na volti 1.5 na kuteremka polepole tangu siku ya kwanza. Oksidi ya fedha husimama kwenye 1.55 karibu maisha yake yote, kisha huanguka ghafla. Kalipa nyingi za bei nafuu huanza kupepesa namba volti ikishuka kidogo tu chini ya 1.5, hivyo LR44 yenye akiba nyingi bado inaonekana imekwisha. Wapo waliotupa kalipa nzima kwa sababu "inakula betri". SR44 ingeiponya. Ni ghali zaidi, na kwa kazi hii inastahili bei yake.

Kwa saa za mkono zenye mishale, oksidi ya fedha haina mbadala mzuri. Saizi inayotumika sana ni SR626SW, iitwayo 377. AG4 ya alkalaini inaingia mahali pake na huuzwa kwenye kadi za betri kumi kumi. Lakini alkalaini iliyochoka huvuja, na majimaji yake makali ndani ya saa yanakula nyaya za koili ambazo ni nyembamba kuliko unywele. Fundi wa saa anayempa mteja AG4 bila kumwambia anaokoa pesa kidogo leo na kuhatarisha mashine nzima kesho. Mteja ana haki ya kuambiwa ni ipi anayowekewa.

Hakuna watu wanaoijua gharama ya kubadilisha kemikali kuliko wapenzi wa kamera za filamu. Olympus OM-1 ya mwaka 1973 na kamera kadhaa za Canonet zilipima mwanga kwa kutumia betri ya zebaki iliyoitwa PX625, yenye volti 1.35. Sifa yake kubwa ilikuwa uthabiti: volti hizo hazikutikisika tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo wabunifu waliifanya kuwa kipimo chenyewe, bila kuongeza sehemu ya kusawazisha umeme. Kisha dunia ikaamua, kwa haki kabisa, kwamba zebaki isitupwe majalalani. Marekani ilipiga marufuku betri hizo za zebaki kwa sheria ya mwaka 1996. Ulaya ikafunga mlango kwa betri ndogo zenye zebaki Oktoba 2015. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013, ukalifanya jambo hilo kuwa la kimataifa.

Betri za alkalaini zenye umbo la PX625 zikaingia sokoni. Zilikaa vizuri, mshale wa kamera ukacheza, na picha zikatoka na giza. Ile tofauti ya volti 0.15 iliufanya mshale uone mwanga mwingi kuliko uliopo, naye mpiga picha akabana lenzi kupita kiasi. Ubaya zaidi, kosa lenyewe lilibadilika kadiri alkalaini ilivyoshuka, hata asiweze kulizoea. Suluhisho walilolipata linatufundisha kuliko vitabu vingi: walichukua betri ya zinki na hewa, saizi 675 inayotengenezwa kwa ajili ya vifaa vya kusaidia kusikia, yenye volti 1.4, wakaivalisha pete ya chuma ili ijae kwenye nyumba ya PX625. Wengine walitumia oksidi ya fedha na kulehemu dayodi ndogo ya kupunguza volti. Kwa maneno mengine, walitafuta kwanza volti iliyo karibu, halafu ndipo wakashughulika na umbo. Hiyo 675 ina kasoro yake: ukishabandua kibandiko chake hewa inaingia, na ndani ya wiki chache imekwisha hata kama kamera imekaa kabatini. Wanaoipenda kamera yao huivumilia.

Wakati mwingine namba zinalingana kabisa na bado kifaa kinakataa. Mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa AirTag, kidude cha kutafutia vitu vilivyopotea, kinachotumia CR2032. Watengenezaji kadhaa wa betri wakati huo walikuwa wamepaka sehemu ya betri zao dutu chungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme. Apple yenyewe ikaonya kwamba baadhi ya betri zenye mpako huo huenda zisifanye kazi, kutegemea mpako ulivyokaa kuhusiana na vigusio. Betri ni nzima na saizi ni sahihi, ila kuna utando kati ya chuma na chuma.

Kuna pia udanganyifu wa mita. Fundi anaipima CR2032 iliyochoka, mita inasoma volti 2.9, anasema betri ni nzima. Lithiamu haishuki mapema. Kinachopanda kadiri inavyozeeka ni ukinzani wake wa ndani. Kifaa cha Bluetooth huomba miliampea 10 kwa kishindo cha muda mfupi. Betri ambayo ukinzani wake umefika omu 100 inapoteza volti moja nzima katika kishindo hicho, na zile 2.9 zinakuwa 1.9, kifaa kikazima. Dawa ni kuipima ikiwa inafanya kazi: rezista ya omu 470 hivi iunganishwe kati ya chanya na hasi kwa sekunde moja au mbili huku mita ikitazamwa. Betri nzima itabaki karibu na 3. Iliyochoka itaanguka mbele ya macho.

Kwa sababu hiyohiyo, 2016 ndani ya kifaa cha Bluetooth kilichotaka 2032 ni mbadala mbaya kuliko ilivyo ndani ya saa ya kompyuta. Na ikiwa kifaa hakibebwi mfukoni, kwa mfano kipimajoto cha ukutani, kuna mbadala bora kuliko hizo zote: betri mbili za AA za alkalaini kwenye nyumba yake ya plastiki, zikaunganishwa kwa nyaya. Moja na nusu mara mbili ni volti 3, na akiba yake ni miliampea-saa zaidi ya 2,000. Fundi anayejua kulehemu anaweza kumpa mteja kifaa kitakachodumu karibu mara kumi, kwa betri zinazopatikana hadi kijijini.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko vifaa vyote. Betri nene ikilazimishwa kwenye droo ya betri nyembamba, mfuniko haufungi. Watu huufunga kwa selotepu, au huuacha wazi. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, hiyo ni hatari ya kifo. Betri ya milimita 20 ikimezwa inaweza kukwama kwenye umio wa mtoto, na mate yanapoigusa, umeme wake huunda magadi makali upande wa hasi, yanayoichoma nyama. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Betri iliyokwisha kwenye rimoti bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Marekani ilitunga sheria mwaka 2022, iitwayo Reese's Law kwa jina la mtoto aliyekufa kwa kumeza betri ya rimoti, ikataka vifaa vya namna hii vifungwe kwa skrubu au kwa njia ambayo mtoto hawezi kuifungua. Australia ilianza kulazimisha viwango kama hivyo mwaka huohuo.

Mzazi anayeshuku mtoto amemeza betri ampeleke hospitali papo hapo, asisubiri dalili, asimtapishe. Amwambie daktari neno "betri", kwa kuwa kwenye eksirei inaweza kudhaniwa ni sarafu mpaka mtu atazame ukingo wake wenye duara mbili. Kituo cha sumu cha mji mkuu wa Marekani, Washington, hushauri kwamba mtoto aliyezidi miezi 12, akiwa amemeza ndani ya saa 12 zilizopita na anaweza kumeza, apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila dakika 10 wakati akikimbizwa hospitali, visizidi mara sita. Kutafuta asali kusimcheleweshe mtu kuondoka nyumbani.

Kwa wenye maduka: msizimwage betri hizi ndani ya kopo moja, maana zinagusana na kumalizana kabla hazijauzwa. Ziacheni kwenye pakiti zake, na mteja akikosa saizi yake aambiwe kwa maneno anapewa nini badala yake na itadumu kiasi gani. Kwa msikilizaji: nenda dukani na betri ya zamani mkononi, linganisha herufi kabla ya namba, na ukirudi nyumbani ifunge ile ya zamani kwa selotepu pande zote mbili na uiweke mahali ambapo mtoto hafiki. Na nyumba yenye mgonjwa wa kisukari inunue CR2032 mbili kwa pamoja, moja kwenye mashine na moja kwenye pakiti yake, ili siku ya kuhitajika swali la 2025 lisiulizwe kabisa.